Alvin Ailey: Dansi zilizohifadhiwa, ugonjwa uliofichwa

Mtunzi wa dansi wa Marekani, Alvin Ailey, alifariki dunia mwaka 1989 katikati ya janga la UKIMWI, na ulimwengu ukaambiwa ameuawa na maradhi mengine. Makala haya yanafuatilia jinsi kazi zake zilivyookolewa zisife pamoja naye, na jinsi ukweli kuhusu kifo chake ulivyochelewa kufika.

Ijumaa tarehe 1 Desemba 1989, majumba mengi ya sanaa mjini New York yalifunga milango au yalifunika picha zake kwa vitambaa. Jumba la makumbusho la Metropolitan liliondoa ukutani picha mashuhuri ya Picasso, ile ya mwandishi Gertrude Stein. Ilikuwa Siku ya UKIMWI Duniani, ikiadhimishwa kwa mara ya pili tu, na wasanii wa Marekani walikuwa wameamua kuifanya kuwa siku bila sanaa, ili watu waone kwa macho yao pengo lililokuwa likiachwa na vifo vya wenzao.

Siku hiyo hiyo, katika hospitali moja ya Manhattan, Alvin Ailey alikata roho. Alikuwa na umri wa miaka 58. Mwaka mmoja kabla yake, Desemba 1988, alikuwa ametunukiwa nishani ya Kennedy Center, ambayo ni miongoni mwa heshima kubwa kabisa anazoweza kupewa msanii nchini Marekani. Taarifa iliyotolewa kwa waandishi wa habari ilisema ameuawa na ugonjwa adimu wa damu unaoshambulia uboho wa mifupa. Magazeti yakaandika hivyo, redio zikatangaza hivyo.

Hivyo basi mtunzi mkubwa wa dansi alikufa kwa UKIMWI katika siku yenyewe ya UKIMWI, na neno hilo halikutajwa. Ilikuwa ni kwa ombi lake mwenyewe. Hakutaka mama yake, Bibi Lula Cooper, aliyekuwa hai bado, aonewe haya na majirani na waumini wenzake.

Ngoma haisomwi kitabuni

Ili msikilizaji apate kuelewa ni nini hasa kilichokuwa hatarini siku ile, hana budi kwanza kufahamu jinsi dansi inavyoishi na jinsi inavyokufa.

Mwandishi wa riwaya akifa, kitabu hubaki. Mwimbaji akifa, sahani ya santuri au kanda hubaki, na sauti yake husikika miaka hamsini baadaye kwenye harusi ya watu asiowajua. Mtunzi wa dansi yuko katika hali nyingine. Kazi yake haipo mahali popote isipokuwa katika miili ya wachezaji wake. Pazia likishuka, dansi imekwisha, mpaka wachezaji hao waicheze tena usiku unaofuata. Anayetaka kuirithi hufundishwa na aliyeicheza kabla yake: uzito wa mwili uwe kwenye mguu upi, pumzi ivutwe lini, jicho liangalie wapi. Yeyote aliyekulia mahali ambako ngoma hurithishwa na wazee kwa kuonyeshwa, hatua kwa hatua, hatahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili.

Ndiyo sababu UKIMWI uliidhuru dansi kwa namna ambayo haukuidhuru fasihi. Ugonjwa huo ulipoingia katika vyumba vya mazoezi vya New York mwanzoni mwa miaka ya 1980, uliwachukua zaidi wanaume wenye umri wa kati ya miaka 25 na 45, yaani wale wale waliobeba dansi za watangulizi wao na ambao kesho yake wangekuwa walimu. Kila mmoja wao aliondoka na maktaba ndogo ndani ya misuli yake.

Orodha ni ndefu. Robert Joffrey, mwanzilishi wa kundi la baleti lenye jina lake, alifariki Machi 1988, na watu wakaambiwa ni maradhi mengine. Siku chache baadaye, mwezi huo huo, akafuata Arnie Zane, akiwa na miaka 39. Rudolf Nureyev, Mrusi aliyekuwa mchezaji mashuhuri kuliko wote wa zama zake, alifariki Januari 1993. Mwaka 1994 akafa Michael Peters, ambaye jina lake wengi hawalijui ingawa kazi yake wameiona mara nyingi: yeye ndiye aliyepanga miondoko ya Michael Jackson katika video za Beat It na Thriller, ambazo vijana wa Nairobi, Dar es Salaam na Muscat waliiga usiku na mchana.

Kijana wa Texas

Alvin Ailey alizaliwa tarehe 5 Januari 1931 katika mji mdogo wa Rogers, jimbo la Texas. Baba yake aliitoroka familia mtoto akiwa bado mchanga sana. Mama alimlea peke yake, akihama naye kutafuta vibarua: kuchuma pamba, kufua nguo, kufanya kazi katika nyumba za Wazungu. Hayo yalikuwa maisha ya mtu mweusi kusini mwa Marekani wakati wa ubaguzi wa rangi uliowekwa kisheria. Jumapili palikuwa na kanisa la Kibaptisti, na Jumamosi usiku palikuwa na vilabu vya pombe na muziki wa blues. Vitu hivyo viwili, kanisa na kilabu, ndivyo alivyovichimba maisha yake yote. Mwenyewe aliviita kumbukumbu za damuni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 mama na mwana walihamia Los Angeles. Huko, mwaka 1949, msichana aliyesoma naye, Carmen de Lavallade, alimpeleka katika studio ya Lester Horton, mwalimu Mzungu aliyewapokea wachezaji wa rangi zote wakati ambapo jambo hilo lilikuwa nadra mno.

Novemba 1953, Horton akafa ghafla kwa maradhi ya moyo. Ailey alikuwa na miaka 22. Kundi lilikuwa na maonyesho ya kutimiza na halina tena mtunzi. Ailey akajitwika kazi hiyo, huku wanafunzi wengine wa Horton, miongoni mwao James Truitte na Joyce Trisler, wakiendelea kufundisha mbinu za mwalimu wao popote walipokwenda. Watu hawa ndio waliozifanya mbinu za Horton zisizikwe naye, na hadi leo zinafundishwa katika shule ya Ailey mjini New York. Wanahistoria wengi wa dansi hulipita tukio hili haraka ili wafike kwenye ushindi wa baadaye. Ni vyema kusimama hapa kidogo, kwa sababu Ailey alijifunza mapema, na kwa uchungu, kwamba mtunzi anaweza kuondoka Jumatatu na kazi yake ikawa imepotea kufikia Ijumaa.

Alihamia New York mwaka 1954 kucheza katika tamthilia ya muziki ya Broadway. Machi 1958 alionyesha dansi zake na kundi lake mwenyewe kwa mara ya kwanza, na tarehe 31 Januari 1960 ikaja Revelations, ile iliyoandika jina lake katika historia.

Revelations imejengwa juu ya nyimbo za kiroho za watumwa na wajukuu wa watumwa. Inaanza na huzuni, kundi la watu waliosongamana wakinyoosha mikono juu kama ndege wazito. Kisha inakwenda mtoni kwa ubatizo, ambapo vitambaa virefu vya hariri hutandazwa jukwaani na kutikiswa mpaka jukwaa zima linageuka maji. Inamalizikia kanisani, wanawake wakiwa na magauni ya njano, kofia na vipepeo vya mkono, wakisengenya kwa mgongo tu bila kutamka neno. Mwanzoni ilikuwa ndefu kupita saa moja. Ailey aliipunguza, akaipunguza tena, mpaka ikabaki kama nusu saa, na ilipofika hapo hakuna aliyethubutu kuiondoa tena kwenye ratiba.

Kundi lililokuwa ghala

Watunzi wengi wa dansi ya kisasa wa kizazi chake waliunda makundi ya kucheza kazi zao wenyewe tu. Martha Graham alicheza Graham, Merce Cunningham alicheza Cunningham. Ailey alikwenda kinyume. Alilifanya kundi lake kuwa ghala la kazi za wengine, hasa watunzi weusi ambao hakuna aliyekuwa akiwawekea kumbukumbu. Aliwachukua wachezaji wake wakajifunza dansi za Talley Beatty na Donald McKayle. Mwaka 1987, akiwa tayari ni mgonjwa, alitumia fedha na nguvu nyingi kurudisha jukwaani kazi za Katherine Dunham, mwanamke aliyekuwa ametangulia kuzitafiti ngoma za watu weusi wa visiwa vya Karibi tangu miaka ya 1930. Bibi Dunham alikuwa angali hai, akafundisha mwenyewe.

Pia alifungua shule mwaka 1969, na mwaka 1974 akaunda kundi la pili la vijana, lililoongozwa kwa miaka mingi na Sylvia Waters. Kwa njia hiyo kulikuwa na ngazi: mtoto anaingia shuleni, anapanda kundi la vijana, kisha kundi kubwa, akikutana katika kila ngazi na mtu aliyezicheza dansi hizo kabla yake. Wakati huo watu waliona ni mpango wa kukuza vipaji. Janga lilipokuja, ikaonekana kwamba ulikuwa pia mpango wa kuokoa kumbukumbu.

Dansi moja yaonyesha vizuri jinsi urithi huu ulivyofanya kazi. Katika Revelations kuna sehemu ya mwanamume mmoja peke yake iitwayo I Wanna Be Ready. Mchezaji amevaa nguo nyeupe, anaanzia sakafuni, anainuka nusu, anarudi chini, anainuka tena, kama mtu anayejiandaa kwa safari ya mwisho na hajui ataitwa saa ngapi. Ailey aliitunga pamoja na James Truitte, na miondoko yake imejaa mbinu za Horton. Baadaye ikaja kwa Dudley Williams, aliyejiunga na kundi mwaka 1964 na kulitumikia hadi mwaka 2005. Ilitungwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya UKIMWI kujulikana. Lakini mtazamaji wa New York wa mwaka 1988, aliyekuwa ametoka kumzika rafiki wiki ile, hakuhitaji kuelezwa inahusu nini.

Kimya na sababu zake

Ni rahisi leo kumlaumu Ailey kwa kuficha. Anayefanya hivyo asahau kwanza hali ilivyokuwa. Dawa ya AZT iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1987, nayo haikuponya. Wagonjwa walifukuzwa nyumba na kazi, na baadhi ya makanisa yalihubiri kwamba ugonjwa huo ni adhabu. Ailey alikuwa shoga katika jamii ambayo haikutaka kusikia neno hilo, na Revelations, dansi iliyokuwa ikilipa mishahara ya kundi zima, ilipendwa zaidi na watu wa makanisa hayo hayo. Kundi lenyewe lilikuwa na mzigo wa madeni na lilitegemea wafadhili.

Juu ya yote hayo alikuwapo mama. Mwaka 1971 Ailey alikuwa amemtungia Bibi Cooper zawadi ya siku ya kuzaliwa: Cry, dansi ya mwanamke mmoja, ya dakika kumi na sita hivi, kwa ajili ya akina mama weusi popote walipo. Mchezaji huanza na kitambaa kirefu cheupe ambacho mara ni deki la kusugulia sakafu, mara ni kilemba, mara ni mzigo. Judith Jamison aliicheza kwanza, na usiku mmoja ukamfanya nyota. Mtoto aliyemwona mama yake akipiga magoti kusugua sakafu za wengine alimpa dansi ile. Miaka kumi na minane baadaye akampa kimya.

Hata hivyo kimya hicho kilikuwa na gharama. Tayari mwaka 1986 wataalamu wa afya wa Marekani walikuwa wameripoti kwamba watu weusi, ambao walikuwa asilimia 12 tu ya wananchi, walikuwa asilimia 25 ya wagonjwa wote wa UKIMWI. Wengi katika jamii hiyo walikuwa wangali wakiamini kwamba huo ni ugonjwa wa wanaume wa Kizungu. Mtu ambaye sura yake wangeitambua, na ambaye kazi yake waliimba nayo kanisani, alikuwa ameondoka, na hakuna aliyewaambia kwamba alikuwa mmoja wao.

Wasikilizaji wa Afrika Mashariki watakumbuka kwamba mwezi ule ule wa Desemba 1989, wiki mbili baada ya Ailey, alifariki mwanamuziki wa Uganda Philly Lutaaya. Yeye alikuwa akiishi Sweden, akarudi nyumbani mwaka huo, akasimama hadharani na kusema ana UKIMWI. Wapo waliodhani anatafuta umaarufu. Akazunguka mashuleni na makanisani akisema na kuimba mpaka nguvu zikamwishia. Uganda ilianza kuzungumza. Hakuna haja ya kuwapima marehemu hawa wawili kwenye mizani moja: Lutaaya alikuwa na serikali iliyokuwa tayari kumpa jukwaa, jambo ambalo Ailey hakuwa nalo Marekani. Lakini msikilizaji aliyeshuhudia nyumba ngapi zilitangaza "ameugua kwa muda mrefu" anajua kwamba Bibi Cooper hakuwa mama pekee aliyekingwa kwa namna hiyo.

Waliobaki na kazi

Judith Jamison alikuwa ameacha kundi mwaka 1980 na tayari alikuwa na kundi lake mwenyewe Ailey alipomwomba arudi kumrithi. Katika filamu ya maisha ya Ailey iliyotoka mwaka 2021, alisimulia kwamba alikuwa kando ya kitanda wakati wa mwisho. Mgonjwa alivuta pumzi ndani, akasema, lakini hakuitoa. Na wao waliobaki ndio waliokuwa pumzi ile ya kutoka. Desemba hiyo hiyo ya 1989 akashika ukurugenzi wa sanaa, na hakuuachia hadi mwaka 2011.

Kazi isiyoonekana sana iliangukia kwa Masazumi Chaya, Mjapani aliyejiunga na kundi mwaka 1972 na kuwa msaidizi wa mkurugenzi wa sanaa kuanzia mwaka 1991 hadi 2019. Chaya ndiye aliyekuwa akiketi chumba cha mazoezi na kanda za video, akirudisha dansi ambazo hazikuwa zimechezwa kwa miaka. Miongoni mwazo ni For "Bird" – With Love, ambayo Ailey aliitunga mwaka 1984 kumkumbuka mpiga saksofoni Charlie Parker.

Kwa asiyeijua kazi hii, kanda ya video yaonekana kumaliza tatizo lote. Haimalizi. Kanda huonyesha usiku mmoja, na pengine usiku huo mchezaji alikuwa na kifundo kilichovimba akabadili hatua. Anayejifunza kwenye kanda hulirithi kosa na kulifanya sheria. Kamera husimama mbele, kwa hiyo mkono wa kulia wa mchezaji uko kushoto kwa anayetazama. Nyuma ya kundi la watu kumi, hatua za watatu hazionekani kabisa. Wala kanda haisemi kwa nini. Pia ipo maandishi maalumu ya kuandika miondoko, mfano wa noti za muziki, na New York ina ofisi ya kazi hiyo tangu mwaka 1940, lakini kuandika dansi moja huchukua muda mrefu na fedha nyingi, na wanaojua kuyasoma ni wachache. Mwishowe hutafutwa mtu aliyekuwapo. Chaya alikuwapo.

Kumbukumbu za kundi, picha, kanda na nyaraka, ziliwekwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington. Madaftari binafsi ya Ailey yalikwenda kwingine kabisa, kwenye hifadhi ya nyaraka za watu weusi mjini Kansas City, mji ambao rafiki zake walikuwa wameunda chama cha kulisaidia kundi tangu mwaka 1984. Ni mgawanyo wenye maana yake: taasisi ya umma mjini Washington ilipewa kazi, na marafiki wa Kansas City wakapewa mtu.

Ukweli unapokuja taratibu

Mwaka 1995 kilichapishwa kitabu cha maisha ya Ailey kwa maneno yake mwenyewe, kilichotokana na mazungumzo yaliyorekodiwa na mwandishi A. Peter Bailey katika siku za mwisho za uhai wake. Mwaka uliofuata Jennifer Dunning, mwandishi wa habari za dansi wa New York Times, alitoa wasifu wake uliosema waziwazi alichokufa nacho. Hapakuwa na kelele. Kundi halikuporomoka, wala watu wa makanisa hawakuacha kununua tiketi. Huenda kama ukweli huo ungesemwa mwaka 1989 mambo yangekuwa vingine. Baada ya miaka saba, jamii ilikuwa imezika wengi mno kiasi cha kutoshangaa.

Sauti yenyewe ya kanda zile ikasikika hadharani katika filamu ya mwaka 2021 ya mwongozaji Jamila Wignot. Ni sauti ya mtu aliyechoka, anayesimulia juu ya mama, upweke na kazi.

Walikuwapo waliochagua njia nyingine tangu mwanzo. Arnie Zane na mwenzake, Bill T. Jones, waliunda kundi lao mwaka 1982 na hawakuficha mapenzi yao. Zane alipofariki mwaka 1988, Jones hakuondoa jina lake. Kundi limeendelea kuitwa kwa majina yote mawili. Mwaka 1989 alitunga D-Man in the Waters, dansi ya wachezaji wanaorukiana, kudakana na kutumbukia kama watu waliomo ndani ya maji mengi, wakifuata muziki wa Mendelssohn. "D-Man" alikuwa Demian Acquavella, mchezaji kijana wa kundi hilo aliyekuwa akifa kwa UKIMWI. Alifariki mwaka 1990. Hapa ugonjwa haukufichwa nyuma ya dansi. Ulikuwa ndio dansi.

Njia hiyo nayo ina ugumu wake. Filamu nyingine, Can You Bring It, ya mwaka 2020, inaonyesha wanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha California wakijifunza D-Man. Hatua wanazipata. Wanachokosa ni woga, kwa sababu wamezaliwa baada ya dawa za mseto kuja mwaka 1996 na kuugeuza ugonjwa kuwa kitu cha kuishi nacho. Mwalimu wao, Rosalynde LeBlanc, aliyewahi kucheza katika kundi la Jones, anawauliza ni nini katika maisha yao wenyewe wanachoogopa kukipoteza, ili wawe na cha kurukia. Mwaka 2013 kundi la Ailey lilichukua sehemu ya kwanza ya D-Man na kuicheza. Kwa hiyo nyumba ambayo mwanzilishi wake alikuwa amenyamaza ikawa inacheza dansi ya waliosema.

Na kuna Ulysses Dove. Alikuwa mchezaji wa Ailey, akageuka mtunzi mwenye mwendo mkali, wa kasi, usiosamehe. Mwaka 1993 aliwatungia wachezaji wa baleti ya kifalme ya Sweden Dancing on the Front Porch of Heaven, kwa kuwakumbuka watu wake wa karibu kumi na watatu waliokufa. Yeye mwenyewe alifariki kwa UKIMWI Juni 1996, akiwa na miaka 49, mwaka ule ule dawa za mseto zilipoanza kuokoa watu. Dove hakuwa na shule, jengo wala bodi ya wadhamini. Baadhi ya dansi zake zinachezwa bado kwa sababu makundi makubwa, likiwamo la Ailey, yalizichukua akiwa hai. Watunzi wadogo, wale waliokuwa na wachezaji watano na chumba cha kukodi, hawakupata bahati hiyo. Mwaka 1991 ulianzishwa mjini New York mradi wa kuwasaidia wasanii wenye UKIMWI kuandika wosia na kupanga kazi zao kabla ya kufa, na uliokoa mengi. Lakini kijana wa miaka 31 mwenye homa hakuwa na haraka ya kuorodhesha kanda, na familia iliyokuja kutoka mbali kufungasha vyombo vyake mara nyingi haikujua kilichomo ndani ya maboksi, au ilijua na haikutaka kukiona.

Madaftari ya Kansas City

Septemba 2024, jumba la makumbusho la Whitney mjini New York lilifungua maonyesho makubwa juu ya Ailey, yaliyoendelea hadi Februari 2025. Madaftari ya Kansas City yaliwekwa ndani ya vioo: orodha za watu wa kupigiwa simu, michoro ya jukwaa, mashairi, hesabu za fedha, na kurasa alizoandika akili ikiwa imemlemea, maana aliugua pia maradhi ya akili na kulazwa mwaka 1980. Kwa miaka mingi mambo hayo yalikuwa ya kunong'onezwa. Sasa mgeni yeyote angeweza kuyasoma akiwa amesimama.

Maonyesho yakiwa yanaendelea, tarehe 9 Novemba 2024, Judith Jamison akafariki dunia akiwa na miaka 81. Chaya alikuwa ameshastaafu, Sylvia Waters pia. Dudley Williams alikuwa amefariki tangu mwaka 2015. Mwezi ule ule wa Novemba, kundi lilimtangaza Alicia Graf Mack kuwa mkurugenzi wake mpya wa sanaa, naye akaanza kazi mwaka 2025. Bibi huyo alicheza katika kundi hilo kuanzia miaka ya 2000, chini ya Jamison. Hakuwahi kufundishwa na Ailey.

Kila Desemba kundi hufanya msimu wake katika ukumbi wa City Center, na jioni nyingi hufungwa kwa Revelations. Taa zikififia mwishoni mwa sehemu ya pili, mwanamume mmoja mwenye nguo nyeupe hulala sakafuni na kuanza kuinuka. Amefundishwa na mtu aliyefundishwa na Williams, ambaye aliipokea kutoka enzi ya Truitte, ambaye alikuwa na Horton Los Angeles kabla ya mwaka 1953. Katika vitabu vya programu anavyokabidhiwa mtazamaji mlangoni, jina la Truitte halikosekani.